Nauli ya Ndoto: Kile Tom Mboya Alifanya 1959

Kila nikifungua simu napata mtu akiniambia nifikirie vizuri na mambo yatajipa. Funga macho, lione gari, ione nyumba, shukuru kana kwamba ushapewa. Chini yake watu wamejaa wakiandika "napokea". Sina ubaya na hilo neno. Swali langu ni moja tu: unapokea kutoka kwa nani, na je, huyo mtu anajua unangoja?

Leo nataka tuongee historia. Si ile ya kukariri tarehe ndio upite mtihani. Nataka tuangalie ndege moja iliyotoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda kusoma Marekani. Wengi tumeisikia hii hadithi vile hadithi tamu husimuliwa: kulikuwa na kijana mwenye maono anayeitwa Tom Mboya, akaota, Kennedy akasikia, ndege zikaruka. Hiyo ni ya kumlaza mtoto. Ukiifungua ndani unakuta bahasha, stempu, orodha za majina, na watu wengi sana wakisema hapana.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu hii biashara ya kufikiria vizuri, kwa sababu wengine wenu mnadhani ilianzia TikTok. Mnamo 1937 Mmarekani Napoleon Hill alitoa kitabu Think and Grow Rich, na hadi leo ukipita tao mahali vitabu vimetandazwa chini, kuna uwezekano mkubwa utakikuta hapo kimelala kando ya vitabu vya uhasibu. Mwaka wa 1952 mhubiri wa New York, Norman Vincent Peale, akatoa The Power of Positive Thinking, kikauza mamilioni. Mwaka wa 2006 ikaja The Secret ya Rhonda Byrne, na mambo ya kuvuta vitu kwa nguvu ya akili yakaenea dunia nzima. Yani haya maneno tunayopostiana ni mtumba. Si kwamba mtumba ni mbaya, hata hii jaketi nimevaa ni ya Gikomba. Lakini nguo ya mtumba huwa unaigeuza kwanza uangalie kama imetoboka.

Na kitu cha kuchekesha ni kwamba wakati Wamarekani walikuwa wanasoma Peale kabla ya kulala, Mboya alikuwa anajipanga kwenda kwao kuwaomba nauli.

Mboya alizaliwa 1930 kwenye shamba la mkonge Kilima Mbogo, upande wa Thika, mahali baba yake alikuwa anafanya kazi. Alisoma akafika Mang'u, enzi hizo ikiitwa Holy Ghost College, lakini pesa za nyumbani hazikutosha kumpeleka mbele. Kwa lugha yetu, karo ilimtoa. Akaenda kusomea ukaguzi wa afya, akamaliza 1950, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Hapo akakuta mkaguzi Mwafrika analipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu, kazi ile ile. Angeweza kukaa kwa kitanda chake jioni ajiambie siku moja itakuwa sawa. Yeye akakusanya wafanyakazi wenzake, chama chao cha kawaida kikageuka kuwa chama cha kutetea haki, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Miaka 23. Kumbuka hiyo ilikuwa wakati wa hali ya hatari, watu wanasombwa Nairobi na kupelekwa kambini, na mikutano inahitaji kibali.

Nimesimama hapo kwa sababu na mimi karo ilinitoa. Mwaka wa pili, jina likakosekana kwa orodha ya mtihani, nikabeba godoro nikarudi mtaani. Wasee walinitumia video za kunitia moyo, na walikuwa na nia safi. Kitu niliona ni kwamba hizo video zina utamu fulani. Ukimaliza kuangalia tano hivi, mwili unahisi kama umefika, na bado uko pale pale kitandani.

Na si mimi pekee nimeliona hilo. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, amelichunguza kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja yeye na mwenzake walifuatilia wahitimu waliokuwa wanatafuta kazi. Wale waliokuwa wanaota mara nyingi zaidi jinsi watakavyoomoka, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache, wameitwa kazi chache, na mshahara wao ulikuwa mdogo. Lakini kulikuwa na wengine waliotarajia kupata, yaani waliangalia mambo yalivyo wakaona wana nafasi, na hao walifanya vizuri. Kuota na kutarajia si kitu kimoja. Kutarajia kunakuamsha. Kuota, mara nyingine, mwili unachukulia kazi ishaisha na unajipumzisha.

Sasa turudi 1959. Kama kuna wakati nchi hii ilijaa mawazo mazuri, ni huo. Ghana ilipata uhuru 1957. Mwaka huo huo Wakenya Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao kwenye Baraza la Kutunga Sheria, viti 8 tu, na kimoja cha Nairobi kikachukuliwa na Mboya. Desemba 1958 akaongoza mkutano mkubwa wa Waafrika kule Accra, akiwa na miaka 28. Kila mtu alikuwa anaona uhuru ukija. Wakati huo hakuna mtu alihitaji kuambiwa aamini.

Lakini uhuru ukija, nani atakuwa daktari? Nani ataketi kwa ofisi ya Mzungu akiondoka? Makerere kule Kampala ilikuwa inahudumia Afrika Mashariki nzima. Royal Technical College ya Nairobi ilikuwa imefunguliwa juzi tu, 1956. Nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka, na maofisa wake walizidharau digrii za Marekani, eti si za kiwango.

Na hapa ndipo hadithi huninogea. Vijana wa wakati huo hawakukaa wakingoja Mboya aote. Walikuwa wanaandika barua wenyewe, kwa mkono, kwa vyuo vya Marekani ambavyo hawakuwa wameviona hata kwa picha. Unaandika, unapeleka posta, unangoja wiki na wiki. Ukikataliwa unaandika kwingine. Wengi waliandika hivyo, na baadhi yao wakakubaliwa na kupewa ufadhili wa masomo. Barua iko mkononi. Chuo kimesema njoo. Kilichokosekana? Nauli.

Nauli, wasee. Ile kitu nyinyi hutumiwa mkakula.

Hebu fikiria msee wa Nyeri au Kisii ameshikilia barua ya chuo cha Marekani, na kati yake na hicho chuo hakuna kitu kingine isipokuwa tiketi ya ndege ambayo mshahara wa baba yake wa miaka kadhaa haungeweza kulipa. Hapo hata uwe na imani ya kuhamisha mlima, bado bahari ya Atlantiki iko pale.

Akili ya Mboya, kwa maoni yangu, ilikuwa kuona ndoto imekwama wapi hasa. Kila mwanasiasa alikuwa anasema tunataka elimu. Yeye akaleta hesabu ya viti. Tunataka viti kadhaa kwenye ndege, na tunavitaka kabla ya Septemba kwa sababu vyuo vyao hufunguliwa wakati huo. Na badala ya kununua tiketi moja moja, tukodi ndege nzima, bei ya kiti ishuke. Ni hesabu ile ile ya watu wa mtaa kukodi matatu ya kwenda matanga.

Alikuwa amemjua mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya ndege, William Scheinman, katika ziara yake ya kwanza Marekani 1956. Baada ya hapo walisaidia wanafunzi wachache wachache kusafiri. Kwa hivyo wazo halikushuka kutoka mbinguni 1959, lilikuwa limejaribiwa kwa udogo. Mwaka huo Mboya akarudi Marekani, Aprili na Mei, na katika hizo wiki chache akatoa hotuba karibu mia moja. Vyuoni, makanisani, kwenye vyama vya wafanyakazi, kwa redio na televisheni. Hebu jaribu kuhesabu hiyo kwa siku. Kila mahali alikuwa anaomba vitu viwili: chuo kitoe nafasi, na mwenye pesa atoe pesa. Shirika likaundwa, African-American Students Foundation. Mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson, yule mchezaji besiboli, wakatia sahihi barua ya kuomba mchango, ikatumwa kwa watu wa kawaida, na maelfu wakajibu, wengi wao kwa pesa kidogo kidogo.

Huku nyumbani kulikuwa na watu wawili ambao hatuwataji sana. Dakta Julius Gikonyo Kiano, ambaye alikuwa amepata digrii ya uzamifu kule California na kurudi kufundisha Nairobi, na Kariuki Njiiri, ambaye pia alikuwa amesoma Marekani. Hao na Mboya ndio waliokuwa wanapitia majina. Nani ana barua ya chuo? Nani ana ufadhili kamili na nani ana nusu? Ni kazi ya kuchosha macho, na hakuna mtu angeitazama video yake. Vijijini nako familia zikafanya karamu za chai, majirani wakachanga, wengine wakauza mbuzi na ng'ombe ili kijana apate suti, sanduku na pesa za mfukoni. Kuna mama mahali aliuza ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya ndege ambayo hajawahi kuiona ikitua. Hapo ndipo mawazo mazuri yalifanya kazi yake, na siwezi kuyadharau. Bila matumaini huyo mama haamki kwenda sokoni. Lakini alienda sokoni.

Ndege ya kwanza ikaondoka. Watu 81. Mmoja wao alikuwa Pamela Odede, ambaye baadaye aliolewa na Mboya mwenyewe.

Ungedhani baada ya hapo mlango umefunguka. La. Mwaka wa 1960 wanafunzi waliokuwa tayari walikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa kwanza, na pesa hazikuwepo. Wakaomba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Wizara ikakataa. Ikaombwa tena, ikakataa tena. Julai 26, Mboya akaenda hadi nyumbani kwa Seneta John F. Kennedy, Hyannis Port, Massachusetts. Kennedy alikuwa ametoka tu kuteuliwa na chama chake kugombea urais, kwa hivyo msidhani alikuwa amekaa bure akingoja wageni kutoka Kenya. Mwishowe wakfu wa familia yake ukaahidi dola 100,000. Habari zilipofikia upande wa mpinzani wake, Richard Nixon, ile wizara iliyokuwa imekataa ikapata pesa ghafla, na ikawa vita vya kisiasa mpaka kwenye Seneti, kila upande ukimshutumu mwenzake kwamba anatumia wanafunzi Waafrika kutafuta kura. Na pengine zote mbili zilikuwa kweli. Mboya na wenzake walijua wanaume wawili wanapigania urais, na kura za Wamarekani weusi zina maana mwaka huo. Walienda na ombi lao wakati ambao kulikataa kungeuma.

Kando kidogo: yule mhubiri Peale wa mawazo mazuri, Septemba ya mwaka huo huo alikuwa kwenye kundi la wahubiri Waprotestanti waliopinga Kennedy awe rais kwa sababu ni Mkatoliki. Sisemi kitu. Nimeweka tu hapo.

Karibu wanafunzi 300 walisafiri mwaka huo wa 1960, wa Kenya na wa nchi jirani. Mmoja alikuwa msichana wa Ihithe, Nyeri, akienda kusoma biolojia katika chuo cha watawa huko Atchison, Kansas. Wangari Muta. Nyinyi mnamjua kama Wangari Maathai. Kufikia 1963 idadi yote ilikaribia 800.

Na kabla mtu hajaniletea kwenye maoni: hapana, baba yake Obama hakuwa kwenye ile ndege ya 1959. Hilo kosa linarudiwa sana. Barack Obama mkubwa alienda Hawaii mwaka huo kwa njia yake mwenyewe, ingawa lile shirika lilimsaidia pesa kidogo baadaye. Hakuwa amemaliza Maseno, alikuwa karani hapa Nairobi. Alisoma masomo ya posta, akaandikia vyuo vingi vya Marekani, na kuna walimu wawili Wamarekani walimsaidia na makaratasi. Hata yeye, ukimwondoa kwenye hadithi ya ndege, bado unamkuta na bahasha mkononi.

Hiki ndicho kitu nimekuwa nikizungukia. Nikiangalia hii historia yote, tofauti kati ya kuota na kufanya haiko kwenye jasho. Kuna watu wanatoka jasho kila siku na hawasongi. Tofauti naiona hapa: ndoto imegeuzwa kuwa kitu ambacho mtu fulani, mwenye jina, anaweza kukikataa? Ile barua ya chuo inaweza kukataliwa. Ombi kwa wizara lilikataliwa mara mbili. Hotuba mia moja ni nafasi mia moja za kuambiwa rudi kwenu. Lakini picha ya gari uliyobandika ukutani haiwezi kukukatalia. Ndio maana tunaipenda. Unaiangalia, inakuangalia, hakuna anayeumia. Kumanifesti ni salama sana, na mimi nafikiri huo usalama ndio unaouzwa.

Sasa msinigeuze kuwa yule msee wa "maskini ni wavivu". Kuna vijana wa 1959 na 1960 waliandika barua nzuri, wakachangiwa, na bado hawakupata kiti. Kuna waliokubaliwa na chuo kisicho na ufadhili, ikaishia hapo. Walifanya kila kitu sawa. Hakuna mtu amewaandikia kitabu, na nikisoma kuhusu hiyo ndege huwa nawafikiria hao kuliko wale 81. Kutenda hakukupi hakikisho. Mboya mwenyewe alipigwa risasi Julai 5, 1969, mchana, akitoka duka la dawa hapo barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Hakuwa amefika miaka 39. Sanamu yake iko hapo karibu, na nyinyi mnaitumia kupatana na watu wa kuwachelewesha.

Kwa hivyo ukiniuliza kama nafikiria vizuri, nafikiria vizuri sana. Lakini mimi na marafiki wawili tulinunua daftari la shilingi hamsini, na tulichora mistari minne kama vile naamini Kiano na Njiiri walikuwa na yao. Jina. Kitu gani hasa kimekosekana. Nani ameombwa. Amejibu nini. Tulianza na vijana wa mtaa wetu waliomaliza kidato cha nne na wana barua ya chuo cha ufundi au chuo kikuu na hawajaenda.

Kabla ya hilo daftari, ukiwauliza mbona hawajaenda, wote walikuwa wanakujibu "pesa". Tulipokaa chini na kila mmoja, pesa ikagawanyika. Mmoja cheti chake cha KCSE kimezuiliwa shuleni kwa deni. Mmoja hana kitambulisho, na hana kwa sababu cheti cha kuzaliwa kina jina lililokosewa herufi moja. Wawili hawakuwa wameomba basari ya wodi kwa sababu walidhani lazima ujuane na mtu. Mmoja kweli ni karo, yote, na huyo hatujui tutamfanyia nini. Yule wa kitambulisho tulienda naye kwa chifu Jumanne, tukaambiwa turudi Alhamisi, tukarudi Alhamisi, tukaambiwa mwenye muhuri hayuko.

Tumeandika hiyo kwenye mstari wa nne, na tarehe. Jumatatu tunarudi. Majina yamefika tisa, na kama uko mtaa wetu na una barua ya chuo imelala chini ya godoro, unajua base yetu iko wapi. Kuja na barua yenyewe, si picha yake.